Kipande cha Mkononi cha Jesi

Filimbi nimeiacha kwenye msumari uleule, nyuma ya mlango wa banda la mbwa. Mkanda wake nimeupaka mafuta ya nyonyo kabla ya kuutundika. Nyinyi vijana wawili mnaopokea mbwa wa shamba hili mtaviona. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, nami nimekubali kwa sharti moja, kwamba msiniulize nilianza na fedha kiasi gani na nimemaliza na kiasi gani. Hayo nimeyahesabu mara mbili na hayabadiliki. Nitawaandikia habari ya kipande cha mkononi, yaani kile kidogo unachompa mbwa akifanya vizuri, na namna ya kukichagua kwa mbwa ambaye mwili wake unagombana na chakula. Mtadhani ni jambo dogo. Mimi limenitia wivu kuliko mengine yote, na mengine niliyoyaonea wivu si machache.

Nilikuja hapa kutoka Isansa nikiwa kijana, nimekuja kuchuma kahawa. Siku ya kwanza sikuchuma hata punje. Mnyapara alikuwa anatupanga mstari, mbwa mmoja wa Bwana mwenye shamba akaja kuninusa miguu, nikasimama tu. Wenzangu waliruka.

"Wewe," mnyapara akasema, "toka kwenye mstari."

Nikajua nimefukuzwa kabla ya kuajiriwa. Kumbe ninapelekwa kwa Mzee Mwazembe, mtunza mbwa, aliyekuwa anatafuta mtu asiyeruka.

Mzee Mwazembe alikuwa mwindaji wa zamani, mwembamba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba mbwa ilibidi wamsogelee ndipo wamsikie. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa hila au ni koo. Kazi ya mbwa wake ilikuwa nguruwe pori. Mnawajua. Wanashuka msituni, wanalaza mahindi ya vibarua yaliyo kando ya shamba, na wakishiba wanafukua miche ya kahawa kwa ajili ya kujinyoosha. Mbwa wanawakurupusha, watu wanangoja na mikuki. Kibarua akikosa mahindi anarudi kwao, na Bwana akikosa kibarua kahawa inaanguka chini. Kwa hiyo mbwa walipewa heshima ambayo mimi, kwa kusema kweli, sikuwahi kupewa.

Mzee alinifundisha mengi, lakini mawili ndiyo aliyoyarudia. La kwanza, kipande cha mkononi kiwe kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Mbwa anafanyia kazi harufu, hafanyii kazi shibe. Yeye alitumia nyama ya ng'ombe iliyokaushwa juu ya moshi, akaiweka kwenye kifuko cha ngozi kiunoni. La pili, mbwa awe na mkono mmoja tu unaompa.

"Akila kwako na kwa jirani," alinong'ona, "siku nguruwe akija, yeye atakuwa kwa jirani."

Nililishika hilo kama katekisimu. Mzee alipostaafu aliniachia filimbi, kifuko, na ule mkono mmoja.

Jesi aliletwa na Bwana ndani ya kikapu, akiwa hajafungua macho vizuri. Rangi ya kahawia, kifua cheupe, sikio moja limesimama na jingine limelala kama lililokata tamaa. Nilimlea mimi. Nilimfundisha kukaa, kungoja, kunyamaza karibu na nguruwe na kubweka mbali naye. Alipokua hakukuwa na mbwa wa kumfikia kuanzia Ihanda hadi Nanyala, na ninasema hivyo nikiwa nimewaona wote. Nikipiga filimbi alikuja hata akiwa amekanyaga mwiba. Nilifurahi sana. Wivu wangu ulikuwa bado haujapata mtu wa kumkalia.

Ukampata alipokuja Sichone.

Sichone ni Mnamwanga wa Tunduma. Alikuwa amefanya kazi ya upishi ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi, akarudi na viatu vyekundu, aproni nyeupe, na "mukwai", neno lao la heshima, mwishoni mwa kila sentensi, hata akikutukana. Bwana alimpa jiko la nyumba kubwa. Haikupita mwezi nikamkuta Jesi amelala kwenye kizingiti cha jiko, kidevu chake juu ya kiatu chekundu.

"Mbwa huyu ni wa kazi," nilimwambia.

"Nami niko kazini, mukwai," Sichone akajibu. "Hapa hapana mvivu ila wewe uliyesimama."

Nilipiga filimbi. Jesi alikuja, lakini kabla ya kuja alimtazama Sichone. Kutazama kule nilikuona. Mtu mwingine asingekuona.

Mwaka uliofuata Jesi akaanza kujikuna. Alianza na masikio, yakatoa harufu kama ya chachu. Zikafuata nyayo, alizilamba mpaka manyoya yakageuka kutu. Mwisho tumbo likabaki wazi, jekundu, kama limechomwa na mvuke. Tulimwogesha kwenye josho la ng'ombe. Tulimpaka kiberiti upele na mafuta, akanuka kama bunduki. Alipata nafuu ya siku mbili tatu, akarudi palepale.

Bwana alimtazama, akawatazama na wale mbwa wengine wanne, akasema ni ukurutu na utawamaliza wote. Alisema mahindi yakikomaa kabla Jesi hajapona, atampiga risasi mwenyewe. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga kung'oa mche mgonjwa. Mahindi wakati huo yalikuwa yamefika magotini.

Bwana Mifugo alipita kukagua ng'ombe, nikamwomba amtazame. Alikuwa kijana mwenye miwani, msaidizi wa daktari wa mifugo, na mikono yake ilikuwa na adabu. Alimkwangua ngozi, akaweka ule unga kwenye kioo chake cha kukuzia, akatazama muda mrefu.

"Hapa hamna wadudu wa ukurutu," alisema. "Hawa wengine wanalala naye?"

"Banda moja, nyasi moja."

"Na hawajikuni. Kwake hii inatoka tumboni. Kuna chakula ambacho mwili wake unakikataa. Anakula nini?"

"Ugali, nyama ya ng'ombe, maziwa asubuhi. Mara mbili kwa siku. Nahesabu."

"Na vya mkononi?"

"Vya mkononi si chakula, Bwana."

"Tumbo lake linajuaje?"



Sasa shikeni maelezo yake vizuri, kwa sababu nimeyatumia kwa mbwa kadhaa tangu hapo na hayajanitupa. Watu wakiona mbwa anawashwa hutafuta chakula kigeni alichokula juzi. Mara nyingi mkosaji ni kile alichokula miaka yote. Kwa hiyo unaacha vyote vya zamani kwa pamoja. Unachagua nyama moja ambayo hajawahi kuionja, na kitu kimoja cha wanga ambacho hajawahi kukionja, hivyo viwili tu, bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu. Kipande cha mkononi nacho kitoke kwenye vitu hivyohivyo viwili. Unangoja mpaka mwezi uandame mara mbili. Akipona, unarudisha vya zamani kimoja kimoja, ukingoja kati ya kimoja na kingine, na yule mkosaji atajitaja mwenyewe.

Kuchagua ndiko kulikonitoa jasho. Ng'ombe ametoka. Kuku ametoka, mifupa ya jikoni alikuwa akiila. Mbuzi alimla Krismasi. Nguruwe ndiye mshahara wake. Sungura alijikamatia mwenyewe. Ulezi nao ulitoka, maana aliwahi kukutwa kwenye machicha ya pombe, akalala mpaka ibada ikaisha. Nikabaki na samaki, kwa sababu huku kwetu mlimani samaki ni habari za watu wengine, na viazi vitamu, ambavyo kwa bahati hakuwahi kuvijali.

Samaki niliwafuata Tunduma, juu ya lori la kahawa, nikiwa na gunia la maharage ya mke wangu la kubadilishana. Gulioni kulikuwa na mama mmoja mwenye kambale wakavu wa Rukwa, amewapanga kama kuni.

"Huyu ana chumvi?"

"Hana, mukwai. Moshi tu."

"Hakupakwa mafuta?"

"Hakupakwa."

Nikamnusa kichwani, nikamnusa mkiani.

"Baba," yule mama akasema, "unanunua samaki au unamposa?"

Majirani zake wakacheka. Nikamwambia ni wa mgonjwa.

"Pole sana. Nani mgonjwa, mama watoto?"

"Mbwa."

Akamchukua samaki mkononi mwangu taratibu, akamrudisha kwenye fungu. "Mwenye mbwa wa kula kambale," akasema, "hapunguziwi."

Nilibishana naye mpaka jua likasimama. Nilimweleza kwamba mbwa si wangu. Akasema basi na maharage si yangu, nayatetea ya nini. Nilimsifu samaki, nikamponda samaki, nikaondoka mara tatu na kurudi. Mwisho alinipa fungu na nyongeza. Nikawahesabu mara mbili. Yeye akawahesabu mara ya tatu, akatoa mmoja.

Nyumbani mke wangu aliufungua mfuko, akanusa, akaufunga.

"Nikianza kujikuna masikio," aliuliza, "nami nitapewa?"

Nilimwambia hata mimi nimelifikiria hilo njia nzima.

Vyombo navyo msivisahau. Sufuria za banda zilikuwa zimekunywa mafuta ya ng'ombe miaka mingi, kwa hiyo nilitumia chungu kipya. Kile kifuko cha ngozi cha Mzee Mwazembe nilikitundika, nikashona cha kitambaa cha marekani. Nilichemsha samaki, nikatoa miiba kwa vidole, nikamponda na kiazi kilichochemshwa, nikabana vipande bapa vya ukucha wa gumba, nikavikausha juani kwenye kichanja cha kahawa kisichotumika. Jesi alikionja cha kwanza, akanitazama kama mtu aliyefichwa jambo muhimu tangu utotoni.

Baada ya wiki chache aliacha kutafuna nyayo. Masikio yakapoa. Nilianza kutembea nikiwa nimeinua kidevu. Nilimwona Sichone ananiona, na hiyo peke yake ilikuwa dawa.

Halafu ile hali ikarudi. Si yote, lakini asubuhi moja nilimkuta anakwaruza sikio lile lililolala, na tumboni wekundu umerudi. Mahindi yalikuwa yamenipita kiuno. Bwana alipita, akaangalia mahindi.

Mtu wa kumshuku nilikuwa naye tayari. Nilikwenda moja kwa moja jikoni. Sichone alikuwa anamenya viazi, na kidevu cha Jesi kilikuwa mahali pake pa kila siku, juu ya kiatu.

"Sichone, umempa nini mbwa wangu?"

"Habari za asubuhi, ndugu Nzunda."

"Umempa nini?"

"Mbwa wako? Nilidhani wa Bwana."

"Sichone."

"Sijampa chakula, mukwai. Tangu yule wa mifugo aseme, sijampa chakula. Mungu anaona."

"Na Mungu anaona ule ukoko hapo mguuni pako?"

Akatazama chini bila haraka. "Huo? Ameonja tu."

"Kuonja si kula?"

"Tangu lini kuonja kukawa kula? Mimi naonja mchuzi wa Bwana kutwa nzima, mbona hajaniambia nimekula chakula chake?" Aliweka kisu chini. "Tena usinikodolee macho. Mbwa huyu akifika kwangu huwa ameshajipangusa mdomo. Mfuate kesho uone kambi yako ya vibarua."

Nilimfuata. Nilimfungulia asubuhi kama kawaida, nikampa kipande changu, nikajifanya naelekea bandani, kisha nikashika njia ya nyuma ya nyumba za vibarua. Jesi alikwenda mlango wa kwanza akakaa, vile nilivyomfundisha mimi. Mama Atupele, mjane wa Kindali aliyekuwa anachambua kahawa, alitoka na tonge la ugali lililochovywa mchuzi.

"Mama Atupele, si niliwaambia wote kambini asile?"

"Hajala, baba. Ameonja." Alinishangaa kweli. "Aliyenibakizia mahindi apite mlangoni mkavu? Hata wewe ukipita utaonjeshwa. Utasema umekula kwangu?"

Hapo nikakumbuka kwamba ndivyo tulivyo. Mtu aliyekufaa hapiti mlangoni pako mkono mtupu, na kile kidogo unachomtia mkononi ni salamu. Hakuna anayekihesabu. Wote walikuwa wamenisikia, wote walikuwa wametii, na wote walikuwa wanamwonjesha. Mlango wa pili mfupa ulionyonywa. Wa tatu maziwa ya mgando kwenye kifuu. Mwalimu wa dini alimpa ngozi kutoka kwenye mchuzi, akamwombea. Mimi mwenye kuhesabu kila kitu mara mbili nilikuwa nimehesabu milo.

Kilichonichoma zaidi sikuwaambia wao. Kila mlango ulikuwa na jina lake la kumwita. Kwa Mama Atupele aliitwa Mlinzi. Kwa mwalimu wa dini aliitwa Debora. Kwa wengine sijui aliitwa nini, lakini aliitika kote, tena haraka kuliko filimbi yangu. Nilitembea nyuma yake kama mume anayegundua mkewe anasalimiwa vizuri mno sokoni.

Nikamfunga. Ndivyo ningefanya kwa mbwa yeyote, na ndivyo nilivyotaka tangu alipokuja yule wa viatu vyekundu. Jesi akagoma kula hata samaki wake. Watu wakanuna, wakaniambia nimemfunga kwa sababu ya roho mbaya. Wiki hiyohiyo nguruwe waliingia kwa Mama Atupele, na mbwa wanne waliobaki walibweka kwa mbali, kwa adabu. Kulipokucha nusu ya shamba lake ililala. Hakunilaumu. Alisimama tu pale kwenye banda, akamtazama Jesi kwenye kamba, akaniangalia mimi, akaenda kazini.

Sichone alinikuta mchana nimekaa kando ya vichanja vya kahawa. Akakaa bila kukaribishwa.

"Huwezi kuwazuia watu kuonjesha," alisema.

"Najua."

"Basi wape cha kuonjesha. Hivyo vipande vyako vya samaki. Kila nyumba iwe navyo kwenye kibuyu. Akija apewe hicho. Salamu imetolewa, tumbo limepona."

Nilikuwa nimeshaliwaza hilo tangu nilipotoka kwa Mama Atupele, na nilikuwa nimelikalia. Mtanielewa. Kitu pekee nilichokuwa nacho mimi na wengine hawana kilikuwa kwenye kifuko changu. Samaki yule Jesi alimpenda kuliko alivyopenda ng'ombe, na samaki alitoka mkono mmoja. Nikimgawa kwa kambi nzima, nitabaki na nini? Filimbi. Na filimbi hailiwi.

Nilitazama mahindi. Yalikuwa yameanza kutoa ndevu.

"Kipande kiwe ukucha wa gumba," nikasema.

"Gumba la nani? Lako ni kama kijiko."

"Lako basi."

"Sawa."

"Kimoja kwa siku kila nyumba. Wewe pia."

"Mimi viwili. Jiko ni la kwangu, na nitakusaidia kukausha. Oveni ya Bwana mchana inakaa bure."

"Kimoja na nusu."

"Nusu ya ukucha nitaikata na nini, mukwai? Viwili."

"Viwili. Na asiitwe. Akija mwenyewe ndipo apewe."

Sichone alinitazama. "Hilo nalo amesema Bwana Mifugo?"

"Ni sharti."

"Nauliza ni la dawa au ni la wivu."

"La wivu."

"Haya," akasema, akasimama akipangusa suruali. "Angalau limetajwa."

Nikazunguka kambi, mlango kwa mlango, na kila mlango nilisema neno lilelile, kwamba kwa mbwa huyu kuonja kunahesabiwa. Kidogo ni chakula. Mchuzi kwenye kidole ni chakula. Mama Atupele alichukua kipande, akakitafuna yeye mwenyewe kwanza.

"Kitamu," alisema. "Mbona hatuli sisi?"

Nikarudi Tunduma kwa samaki wengine. Yule mama aliniuliza mgonjwa anaendeleaje, na safari hii hakutoa hata mmoja.

Vipande vya Sichone, kwa taarifa yenu, vilikuwa bora kuliko vyangu. Oveni inakausha sawasawa, jua lina upande. Jesi alivitambua. Nilimjaribu kwa kuweka cha kwangu kiganja hiki na cha kwake kiganja kingine, vyote viwili mikononi mwangu, akachukua cha Sichone. Nikarudia jaribio. Akachukua cha Sichone. Kama mna oveni, tumieni oveni.

Safari hii ile hali haikurudi. Manyoya ya tumbo yaliota, ya kwanza laini kama ya mtoto. Mahindi yalipofunga punje, Bwana aliagiza Jesi aletwe barazani. Bunduki ilikuwa imeegemea ukuta, labda ndipo ilipokaa siku zote, lakini mimi niliiona siku hiyo. Alimgeuza masikio, akayanusa. Akampapasa nyayo, akamlaza chali. Jesi alijiachia tu. Kisha Bwana akatabasamu, akafungua kopo la biskuti, akachukua moja.

Nilinyoosha mkono wangu kabla ya wake, na kipande kiganjani.

"Bwana, huyu anapewa hiki. Hata kidogo kinahesabiwa."

Alitazama biskuti, akanitazama mimi. Akaitia kinywani mwake, akachukua kipande kwangu, akampa Jesi. Bunduki haikutajwa tena. Mimi nilikuwa nahesabu, na hesabu ilikuwa imeongezeka mkono mwingine, tena wenye baraza.

Baadaye, mavuno yalipokwisha, tulirudisha vya zamani kimoja kimoja. Mahindi hayakumfanya kitu. Maziwa hayakumfanya kitu. Yai halikumfanya kitu, wala biskuti. Nyama ya ng'ombe, siku ya pili tu, sikio lile lililolala likaanza. Tukaacha, likapoa. Tukarudia kuhakikisha, likaanza tena. Kwa hiyo biskuti ya Bwana haikuwa na neno, wala ugali wa watu, ila ule mchuzi wa ng'ombe. Andikeni hapo ukutani: Jesi na uzao wake, ng'ombe hapana, wala mafuta yake, wala kamba iliyopakwa mafuta yake. Ndiyo maana mkanda nimeupaka nyonyo.

Lakini nirudi nyuma kidogo, kwenye mavuno yenyewe. Nguruwe walikuja kundi zima, asubuhi ya ukungu. Jesi aliwakata mbele, akawageuza peke yake kutoka kwa Mama Atupele hadi bondeni kwenye mikuki, huku wale wengine wanne wakimshangilia. Watatu walianguka, waliobaki wakarudi msituni. Kambi nzima ilikuwa imetoka. Walisimama ukingoni mwa shamba, mstari mrefu, na kila mmoja alikuwa na kipande mkononi. Sichone naye alikuwepo, na aproni yake.

Nikatambua kwamba siku zote sikuwahi kujua Jesi anamfuata nani. Nilikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho, basi. Sasa mikono yote ilikuwa na kitu kilekile, wengine hata kilicho kizuri zaidi. Sharti la kutoita lilikuwa limesahaulika. Walimwita Mlinzi, walimwita Debora, walimwita yale mengine yote. Mimi filimbi nilikuwa nayo mdomoni, sikuipuliza.

Akapanda kutoka bondeni, ana tope hadi kifuani. Akapita mstari mzima bila kusimama, akaja kwangu, akanusa kifuko, hakuchukua kitu. Akaenda kwa Sichone, akachukua kipande. Kisha akarudi, akalala juu ya miguu yangu na tope lake lote, akafumba macho.

Mara mbili kwangu, mara moja kwa Sichone. Nilihesabu, nikahesabu tena.

Sichone bado anapika kule nyumba kubwa, na Jumapili akinitembelea lazima tubishane. Anasema ile mara ya kwanza haimo kwenye hesabu, kwamba alikuja kunusa tu, kuonja tu, na kuonja hakuhesabiwi. Namwacha amalize. Kisha namuuliza ni nani aliyezunguka kambi hii mlango kwa mlango, mpaka kwa Bwana barazani, kuwaambia watu kwamba kwa mbwa huyu kuonja kunahesabiwa.